Lenzi Ndefu Haisogezi Mlima

Mwaka 2020, katika miezi ya vizuizi vya korona, picha ya Mlima Kenya ukiwa umesimama nyuma ya maghorofa ya Nairobi ilizagaa mitandaoni na kuzua ubishi mkubwa. Wengi walisema imechakachuliwa, kwa kuwa wameishi Nairobi miaka na mikaka na hawajawahi kuuona mlima ukiwa mkubwa kiasi hicho. Hao walijibiwa upesi. Inayonishughulisha ni hukumu nyingine, inayotolewa kwa upole na watu wanaojua kamera kila picha ya namna hiyo inapotoka: kwamba picha ni halali, ila lenzi ndefu ndiyo iliyouvuta mlima ukaja kukaa mgongoni mwa jiji. Hukumu hiyo imegeuka kanuni. Hufundishwa wanaoanza kupiga picha, wahariri huirudia, na wauzaji wa kamera huitumia kama sifa ya bidhaa. Kanuni yenyewe inasema kwamba lenzi ndefu huvisogeza vitu vya mbali na kubana nafasi iliyo kati yake. Nasema si kweli. Wala kosa lenyewe si dogo la kuachiwa mafundi, kwa sababu limewafanya watu wenye akili zao watilie shaka picha za kweli, na limewafanya wapiga picha wengi wanunue kwa fedha nyingi urefu usioweza kuwapa wanachokitafuta.

Tuanze na mlima wenyewe. Kilele cha Batian kina mita 5,199, na kutoka katikati ya Nairobi hadi pale ni kama kilomita 137, kaskazini ukielekea mashariki kidogo. Toa kimo cha Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kisha toa sehemu inayofichwa na mviringo wa dunia. Mlima unabaki na urefu wa takriban digrii moja machoni, karibu mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Jengo la KICC, katikati ya jiji, lina mita 105. Aliyesimama mita 600 kutoka KICC huliona likichukua digrii kumi, yaani mara kumi ya mlima, na majengo ya jirani humfichia mlima wote. Mtu huyo akielekea kusini hadi kilomita 6, upande wa Lang'ata na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, jengo hushuka hadi digrii moja. Umbali wake kutoka mlimani umeongezeka kwa chini ya asilimia 4, ambayo jicho haliwezi kuitambua, lakini umbali wake kutoka kwenye jengo umeongezeka mara kumi. Sasa jengo na mlima vina kimo kimoja. Mpaka hapa hakuna lenzi iliyotumika. Asubuhi ya hewa safi, macho matupu yangeona uwiano uleule. Mkaazi wa jiji anayeapa kwamba hajawahi kuuona mlima ukiwa hivyo anasema kweli kabisa, maana siku zake zote anakaa chini ya majengo, na anayekaa chini ya jengo halioni jengo hilo likilingana na mlima hata siku moja.

Kuna jaribio ambalo yeyote mwenye kamera anaweza kulifanya, na ningependa lingekuwa somo la kwanza kila mahali upigaji picha unapofundishwa. Simama pahali pamoja. Piga mandhari kwa lenzi ya milimita 50, kisha bila kusogea hata hatua moja piga tena kwa lenzi ya milimita 800. Ichukue ile picha ya kwanza, kata kipande cha katikati chenye upana wa sehemu moja ya kumi na sita ya picha nzima, ukikuze hadi kilingane na picha ya pili. Jengo litaufunika mlima palepale, mti utagusa ukingo wa paa palepale, na nafasi kati ya nguzo na nguzo itakuwa ileile. Tofauti ni ubora peke yake. Kamera ya megapikseli 45 itakuwa imebakiwa na pikseli chini ya laki mbili katika kipande hicho, kwa hiyo kitaonekana kimechujuka na kujaa chembe, wakati picha ya lenzi ndefu itakuwa imetumia pikseli zake zote kwa eneo hilohilo dogo. Hiyo ndiyo kazi ya lenzi ndefu, na ni kazi kubwa: inachukua kipande chembamba cha kile unachokiona na kukipa undani. Kukisogeza haiwezi. Kama ingekuwa inabana nafasi, kipande kilichokatwa kwenye lenzi ya kawaida kisingelingana nayo. Kinalingana kila mara, kwa sababu mpangilio wa vitu katika picha huamuliwa na mahali kamera iliposimama.

Jambo hili halikugunduliwa na watengenezaji wa kamera. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Kairo katika karne ya 11, aliandika kwa kirefu katika Kitab al-Manazir jinsi jicho linavyohitaji kujua umbali ndipo lipime ukubwa, na jinsi linavyokosea pale linapoukosea umbali. Lenzi za masafa marefu kama tunavyozijua zilikuja baadaye sana. Mwaka 1891 Thomas Dallmeyer wa Uingereza na mafundi wa Ujerumani walifikia karibu kwa wakati mmoja mpango wa vioo unaoifanya lenzi iwe fupi kimwili kuliko urefu wake wa kimahesabu. Kilichovumbuliwa kilikuwa wepesi wa kubeba. Sheria ya jinsi vitu vinavyoonekana kutoka mahali fulani ilikuwapo tangu zamani na haikuguswa.

Wanaotetea kanuni ile hukimbilia hoja ya jicho. Husema milimita 50 ndivyo binadamu anavyoona, kwa hiyo kila kinachozidi hapo ni upotoshaji. Hoja hii husemwa kwa uhakika mwingi, na ushahidi wake ni mdogo. Macho mawili ya binadamu kwa pamoja hushika karibu digrii 180 kwa upana, eneo ambalo hakuna lenzi ya milimita 50 inayolikaribia, kwani yenyewe hushika kama digrii 40. Upande wa pili, sehemu ya jicho inayoona kwa ukali wa kweli, ile tunayoielekezea herufi tunaposoma au sura ya mtu tunapomtambua kwa mbali, ni ya digrii moja au mbili tu. Lenzi ya milimita 1000 hushika digrii mbili na nusu kutoka pembe hadi pembe ya fremu. Baharia anayekaza macho kutafuta tanga kwenye upeo wa bahari, au mchungaji anayehesabu mbuzi wake mlimani ng'ambo ya bonde, anatumia kipande cha uoni kinachofanana na lenzi hiyo kuliko kinavyofanana na milimita 50. Jicho letu ni pana mno na jembamba mno kwa pamoja, na hakuna namba moja kwenye lenzi inayostahili kuitwa macho ya kawaida.

Lakini hisia ya kubanwa ipo, na mtu asiambiwe kwamba anajidanganya anapoihisi. Safu ya magari kwenye picha ya milimita 600 huonekana imebandikana kama karata. Hisia hiyo inatoka wapi, ikiwa lenzi haikubana kitu? Inatoka mahali anapokaa mtazamaji. Kila picha ina umbali wake halali wa kutazamwa, unaopatikana kwa kuzidisha urefu wa lenzi kwa kiasi ambacho picha imekuzwa. Picha ya milimita 50 iliyokuzwa mara kumi, ikawa na upana wa sentimita 36, inapaswa kutazamwa kutoka nusu mita, na ndivyo watu wanavyoishika bila kufundishwa. Picha ya milimita 500 iliyokuzwa vilevile inapaswa kutazamwa kutoka mita 5. Nani hutazama picha ndogo vile kutoka upande wa pili wa ukumbi? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watu huchagua umbali wa kutazamia kwa kufuata ukubwa wa picha, bila kujali lenzi iliyoipiga. Kwa hiyo picha za lenzi ndefu tunazitazama kwa karibu mno, na akili, ikidhani kwamba vitu viko karibu, inajiuliza mbona magari ya nyuma hayapungui ukubwa inavyotarajiwa, kisha inahitimisha kwamba nafasi imefinywa. Irudishe picha ukutani, ikimbie mita 5, na nafasi inafunguka. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu unaeleza hata hisia ambayo wapinzani wanaitegemea.

Uzito wa suala unaonekana zaidi pale picha inapotumiwa kuwahukumu watu. Wakati wa korona magazeti ya Ulaya yalichapisha picha za fukwe na foleni zilizoonekana kujaa watu waliosongamana, na wasomaji wakalalamika kwamba lenzi ndefu imewasingizia. Huko Denmark, Aprili 2020, wapiga picha wa shirika la Ritzau Scanpix walitoa mfululizo wa picha zinazoonyesha watu walewale kwa lenzi fupi na kwa lenzi ndefu, na tofauti ilikuwa kubwa. Picha hizo zilienea duniani kama uthibitisho kwamba lenzi ndefu husema uongo. Zitazame upya ukiwa na hesabu mkononi. Watu wawili wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake, kati yao mita 2. Mpiga picha akiwa mita 4 kutoka kwa wa kwanza, wa pili yuko mita 6, na wa kwanza huonekana mrefu kwa nusu zaidi. Akiwa mita 100, wa pili yuko mita 102, na tofauti ni asilimia 2. Ukweli ni kwamba mtu aliyesimama mita 100 kutoka kwenye foleni, akiitazama kwa urefu wake, hana njia ya kujua nafasi kati ya watu, awe na lenzi, darubini au macho matupu. Kosa la wale waliochapisha picha za fukwe lilikuwa kuuliza swali la upana kutoka mahali pasipoweza kulijibu. Wangesogea ubavuni mwa foleni, au wangepanda juu ya ghorofa, lenzi ileile ya milimita 400 ingewaonyesha kila mita iliyo kati ya mtu na mtu. Kuilaumu lenzi kumewapa ahueni wasiyostahili: wanabadili kifaa, wanarudi palepale, na wanafikiri wametubu.

Na jambo hili linatuhusu sisi hapa kila msimu wa kampeni. Picha ya mkutano iliyopigwa kwa lenzi ndefu kutoka jukwaani hutuhumiwa kuongeza umati, ilhali ile iliyopigwa kwa lenzi pana katikati ya watu mia mbili, wakijaza fremu kutoka pembe hadi pembe, hupita kama ushahidi wa kawaida. Mpiga picha anayeingia kati na lenzi ya milimita 16 anaweza kuwafanya watu wachache wasiwe na mwisho, kwa kuwa walio karibu naye wanaziba kila pengo. Mwenye shaka asipouliza kamera ilisimama wapi atadanganywa na lenzi zote mbili, moja akiilaani na nyingine akiiamini.

Tukitaka kuzungumzia upotoshaji, basi tuanze na ukaribu, maana huko ndiko uwiano wa vitu unakoharibika zaidi. Picha ya uso iliyopigwa kwa simu kutoka sentimita 30 huikuta pua ikiwa karibu na kamera kuliko masikio kwa tofauti kubwa ikilinganishwa na umbali mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani ulikokotoa kwamba pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 zaidi katika picha ya namna hiyo kuliko katika picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Watu walikuwa wakiwaendea madaktari kupunguza pua ambazo kioo hakikuwa na ugomvi nazo. Kadiri unavyorudi nyuma, ndivyo uwiano katika picha unavyokaribia uwiano wa kweli wa vitu vyenyewe, mpaka kwa mbali sana picha inakuwa kama mchoro wa msanifu majengo, ambamo dirisha la ghorofa ya nyuma lina kipimo kilekile cha dirisha la mbele. Andreas Feininger alilijua hili kwa sababu alisomea usanifu majengo kabla ya kuwa mpiga picha. Katika miaka ya 1940 alijitengenezea kamera za lenzi ndefu na kuipiga New York kutoka ng'ambo ya mto Hudson, na picha yake ya meli Queen Mary ikipita mbele ya Manhattan bado inashangaza. Watu huisifu kwa kusema ameukuza mji. Alichofanya ni kurudi mbali vya kutosha ili meli na maghorofa vionekane kwa ukubwa vilionao kweli kimoja kwa kingine, jambo ambalo abiria aliyesimama gatini asingeweza kuliona.

Hapa ndipo majaribio ya lenzi ndefu kupita kiasi yanapopata thamani yake, na ndiyo sababu nayatetea kwa moyo wote. Anayeijaribu akiwa anaielewa anajifunza kuupima umbali. Chukua tembo wa Amboseli na Kilimanjaro, picha ambayo imeuza safari nyingi za Kenya kwa kutumia mlima wa Tanzania. Kilele chake cha Kibo kiko kama kilomita 45 kutoka hapo, na kinasimama juu ya tambarare kwa karibu digrii 6. Tembo dume wa mita 3 akiwa mita 30 kutoka kwenye kamera naye ana karibu digrii 6, kwa hiyo analingana na mlima. Akiwa mita 300 anabaki na sehemu moja ya kumi ya mlima, na ndipo Kilimanjaro inapoonekana kama ilivyo, kitu kinachomfanya mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu awe kidoa. Kwa fremu ya kulala, milimita 200 inatosha kuushika mlima wote tangu chini hadi juu, na inatosha iwe tembo yuko karibu au mbali. Anayeng'ang'ania milimita 800 ili mlima uwe mkubwa zaidi ataukata, maana lenzi hiyo hushika chini ya digrii 2 kwa kimo, na atabaki na tembo mbele ya ukuta wa miamba usiotambulika. Mwenzake asiye na lenzi hiyo, anayemwomba dereva wa safari arudi nyuma mita mia mbili, ndiye atakayepata mlima.

Mwezi nao unafuata hesabu hiyohiyo. Upana wake machoni ni nusu digrii, na hauongezwi na lenzi wala na upeo wa macho unapochomoza. Kitu chochote kinalingana nao ukikitazama kutoka umbali wa takriban mara 110 ya kimo chake. Mtu wa mita 1.7 aliyesimama juu ya kilima analingana na mwezi mzima kutoka mita 187, na mnara wa msikiti wa mita 20 kutoka kilomita 2.2. Picha za mwezi mkubwa kama gurudumu nyuma ya mtu hupatikana kwa kumrudisha mtu mbali hadi awe mdogo. Lenzi ya milimita 800 inakuja mwisho kabisa, kuchukua kipande ambacho tayari kimeshapangwa na ramani, saa na hatua za miguu.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: hata kama umbali ndio unaopanga picha, mpiga picha harudi nyuma bila lenzi ndefu, kwa hiyo kusema lenzi hubana ni njia fupi ya kusema jambo lilelile, na haina madhara. Nalikubali nusu. Ni kweli vitu hivi viwili husafiri pamoja, na fundi mzoefu anaweza kusema hivyo akiwa anajua anachomaanisha. Lakini anayeanza hajui. Akiambiwa kwamba lenzi hubana, atasimama palepale na kuzungusha pete ya lenzi kutoka milimita 100 hadi 400 akitarajia mlima ukue nyuma ya mtu wake, na itakachomfanyia lenzi ni kuvikuza vyote viwili kwa kiasi kimoja. Atahitimisha kwamba lenzi yake ni fupi. Atatafuta ya milimita 600, kisha 800. Njia fupi ya maneno imempeleka dukani wakati alipaswa kutembea.

Na dukani kuna ahadi kubwa. Mwaka 2018 Nikon ilitoa kamera ya Coolpix P1000, iliyotangazwa kuwa na uwezo wa milimita 3000. Lenzi yake kwa kweli ina milimita 539 na tundu la mwanga lisilofika sentimita 7; kinachobaki kinatokana na udogo wa sensa, ambayo haina upana wa hata milimita 7, yaani ni ukataji wa picha uliofanywa kiwandani. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Lakini kamera hiyo na iliyoitangulia, P900, zimepewa hata kazi ya kuthibitisha kwamba dunia ni bapa, kwa madai kwamba zikivuta zinairudisha meli iliyokwisha kuzama nyuma ya upeo. Aliyesimama ufukweni, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake uko kama kilomita 5. Meli iliyo kilomita 25 imefichwa mita 25 hadi 30 za chini, kutegemea jinsi hewa inavyoupinda mwanga siku hiyo. Lenzi hurudisha meli iliyokuwa ndogo mno kuonekana. Mita zile za chini hazirudi hata kwa lenzi ya kilomita nzima, kwa kuwa ili kuziona lazima upande juu. Ni imani ileile ya lenzi inayosogeza, imefikishwa mwisho wake.

Kinachoiwekea lenzi ndefu mpaka wa kweli ni hewa. Kati ya kamera na simba aliye kilomita moja kwenye tambarare kuna kilomita nzima ya hewa inayochemka juu ya ardhi iliyopigwa na jua, na kila tabaka la joto linaupinda mwanga kidogo upande wake. Saa saba mchana, milimita 800 na milimita 2000 zinampata simba yuleyule aliyeyeyuka. Ya pili inampata akiwa ameyeyuka kwa ukubwa zaidi. Hakuna kioo kinachotibu hilo. Hutibiwa na alfajiri, na wingu, na kupanda juu kidogo kutoka ardhini, na mara nyingi na kumkaribia mnyama kwa njia isiyomsumbua. Nikon iliwahi kutengeneza lenzi ya kioo cha kuakisi ya milimita 2000 yenye uzito wa zaidi ya kilo 17. Canon ikatengeneza ya milimita 1200 yenye uzito wa kilo 16 na nusu. Na mwaka 2006 Zeiss ilionyesha ya milimita 1700 yenye uzito wa kilo 256, iliyotengenezwa kwa agizo la mteja mmoja. Zote hizo, zikielekezwa kwenye tambarare ya Serengeti mchana, zinatazama kupitia mazigazi yaleyale. Aliyeyaelewa mazigazi akayatumia ni Freddie Young, mpiga picha wa filamu ya Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, aliyetumia lenzi ya milimita 482 jangwani Jordan kuonyesha mpanda ngamia akitokea ndani ya mtetemo wa joto, kwanza kama doa, kisha kama mtu. Hakuishinda hewa. Aliifanya ndiyo mada yake.

Lipo lalamiko la mwisho, nalo ni la haki: lenzi ndefu humwezesha mtu kumpiga picha mwenzake asiyejua kwamba anatazamwa. Hili ni jeraha la kweli, na lina sheria zake na linastahili sheria kali zaidi. Lakini ni jeraha la faragha, na linaumiza hasa kwa sababu picha hiyo ni ya kweli. Anayelichanganya na tuhuma ya uongo anampa mkosaji mlango wa kutokea, kwani atakuja na hesabu kama hizi kuonyesha kwamba hakudanganya, na aliyeumizwa hatakuwa amejibiwa.

Kwa wahariri ombi langu ni moja na halina gharama. Chini ya picha ya umati, ya foleni, ya mlima nyuma ya jiji au ya mwezi nyuma ya mnara, waandike kamera ilisimama wapi na ilikuwa umbali gani kutoka kwa kilicho mbele. Kamera nyingi zina namna ya kurekodi mahali, zenyewe au kupitia simu, na kwa kilichobaki ramani ya simu inatosha kukadiria. Urefu wa lenzi wanaweza kuuacha. Msomaji wa Nairobi akiambiwa kwamba mpiga picha alikuwa kilomita 6 kusini mwa KICC, anaweza kupanda gari asubuhi iliyotakata, aende pale pale, na autazame mlima kwa macho yake.